Saa ya Basilia

1

Mwezi wa saba huko Makete umande hauanguki, unaganda. Asubuhi majani ya uani hulia chini ya miguu kama mtu anatafuna bisi. Ndivyo Yusta Chaula alivyojua kuna mtu nje: alisikia kule kutafuna, taratibu, kabla hajausukuma mlango wa jikoni akachukue kuni.

Alikuwa Tumsifu, bintiye wa pekee, miaka saba, miguu mitupu, sketi kaikusanya juu ya magoti. Jana jioni, bila kumwambia mtu, alikuwa amevitoa viazi vya mbegu vilivyokuwa ghalani, debe zima, akavitandaza juu ya majani. Usiku viliganda vikawa mawe. Sasa jua la kwanza lilikuwa limeanza kuvilegeza, naye alikuwa akivikanyaga.

Hakuwa akicheza. Mtoto anayecheza huruka, kisha hugeuka kutazama kama anaonwa. Huyu alikanyaga kwa kisigino, akahama, akakanyaga tena, mgongo umeinama kidogo, kama mama mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo miaka thelathini na ana mingine thelathini ya kuifanya. Maji ya viazi yalimtoka chini ya unyayo, meupe.

"Tumsifu, unafanya nini?"

"Nakamua maji. Yakibaki ndani, jua likiwaka vitaoza."

"Hivyo viazi ni vya kupanda, mwanangu. Nani kakwambia viazi vinakamuliwa?"

Mtoto akasimama. Akamtazama mama yake kwa huruma kidogo, kama mtu anayetafuta namna ya kusema jambo bila kuumiza.

"Mama," akasema.

"Mimi sijakwambia."

"Si wewe."

Yusta alimnyakua, akamwingiza jikoni, akamkalisha kwenye kigoda karibu na moto. Miguu ile ilikuwa baridi ya kutisha, buluu kwenye kucha. Kabla hajapata kitambaa cha kuifutia, Tumsifu alikwisha kulifunua sweta la mama yake na kuitia miguu yote miwili tumboni kwake, moja kwa moja, kama mtu anayejua mahali pa kuweka kitu chake. Yusta alishtuka kwa baridi, kisha akacheka. Mtoto hakucheka. Alikaa hivyo kidogo, akifikiri.

"Lako lina mifupa," akasema mwishowe, na akaiondoa miguu kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa chai isiyo na sukari.

2

Maktaba ya watoto ya Makete ilikuwa na vitabu vya kiganja thelathini na kimoja, na Yusta alivijua vyote kwa harufu. Vya nchi za baridi vilinukia sufu na moshi. Kile cha harusi ya jangwani kilinukia iliki mpaka wazazi wakauliza kuna nini humo.

Kila kimoja kilikuwa na kurasa mbili tu zenye maana. Ukurasa wa kushoto ulikuwa maandishi: watoto waliusoma kwa sauti, kwa zamu, wakajua nchi gani, watu gani, wanakula nini, kwa nini siku hiyo ni siku kubwa. Ukurasa wa kulia haukuwa na neno. Ulikuwa wa kijivu, vuguvugu, umefumwa kwa nyuzi zisizoonekana kwa macho, na ndani yake mlikuwa na saa moja ya maisha ya mtu. Watoto wakishamaliza kusoma walikaa duara mkekani, wakashikana mikono, mmoja wao akaweka kiganja pale, na wote wakaenda. Saa moja ya kuvua samaki chini ya barafu. Saa moja ya kufua nguo mtoni na shangazi asiyenyamaza. Walirudi wakicheka, wakibishana nani kaonja nini, na jioni hiyo walimwamkia kila mtu kwa lugha ambazo mtaa mzima haukuzijua.

Sharti lilikuwa moja, na lilibandikwa ukutani kwa herufi kubwa: wasiopungua watano. Olipa Luvanda, fundi wa vitabu, alilieleza kwa njia yake. "Kumbukumbu ni kama uji," alikuwa akiwaambia wazazi. "Chungu kimoja kwa watoto watano, kila mmoja kaonja, kaenda zake. Chungu kizima kwa mtoto mmoja, huyo unamlaza chini kwa siku mbili." Kisha aliacha utani. Ikigawanywa kwa wengi, alisema, inabaki mgeni. Ikimwagwa kwa mmoja, inakuwa mwenyeji.

Asubuhi ile Yusta alimleta Tumsifu kabla ya watoto wengine, akiwa amemvalisha soksi jozi mbili.

"Shikamoo mamkubwa."

"Marahaba, mkulima. Nasikia umeanzisha kiwanda cha viazi." Olipa alimvuta kwenye meza, akamlaza mkono kwenye kipimo, kipande cha kioo chenye ukubwa wa sahani. "Tulia. Hakiumi. Mama yako nilimpima siku ya kwanza hapa akakijambia, hiki hiki."

Tumsifu akacheka, lakini Olipa mwenyewe alikuwa ameacha kucheka. Mstari uliotakiwa kwenda moja kwa moja kutoka kwenye dole gumba la mtoto ulifika katikati ya kiganja, ukapinda, ukaota tawi.

"Kaingia mara ngapi?"

"Mara moja," Yusta akasema. "Ile Jumamosi ya kitabu cha Bolivia. Walikuwa saba."

"Mdogo wangu, sikuulizi habari za Jumamosi."

Yusta akageuka. Tumsifu alikuwa akizichezea soksi zake.

"Kila ukiwa darasani," mtoto akasema.

Hapo Yusta aliutazama ukuta. Darasa la jioni lilikuwa chumba cha pili, ukuta mmoja na hapa. Jumatatu mpaka Alhamisi, tangu Januari, alikaa mle na watu wazima wenzake wakijifunza utunzaji wa vitabu vya kiganja, maana mumewe alikuwa kwenye mitambo ya upepo Singida na mshahara wa kufagia maktaba haukuwa wa kuishi nao. Tumsifu alimwacha huku, na kikombe cha chai na kipande cha mkate. Kabati hakulifunga. Watoto wa wenzake walishinda wakigombana koridoni. Wake alishinda na kitabu. Alikuwa amejivunia jambo hilo. Aliwahi hata kulisema mbele ya mwalimu.

"Uliweka mkono peke yako?"

"Nilitaka kumwona tu. Kisha nikawa naenda nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Olipa alimpa mtoto karatasi na kalamu za rangi, akamtuma akachore dirishani, kisha akamwambia Yusta mambo yote kwa sauti ya chini, haraka, kama anayebandua plasta.

Kumbukumbu imeshakaa. Siku saba zikipita kuanzia kipimo hiki haitolewi tena na mashine yoyote. Kabla ya hapo inatolewa, na kanuni inataka itolewe, mzazi aweke dole gumba kwenye fomu na mtoto apelekwe hospitali ya mkoa akasafishwe. Haiumi. Ila mashine ile haina macho. Haijui mama gani ni wa kitabuni na yupi ni wa Makete. Inajua ladha tu. Inafuata ladha ya kukumbatiwa, ya kupashwa moto, ya kuitwa kwa jina la upendo, na kuing'oa yote, tangu siku tawi lilipoota.

"Tangu Januari," Yusta akasema.

"Tangu Januari."

"Mimi nimemkumbatia tangu Januari. Kila siku."

"Najua."

"Kwa hiyo na mimi..."

"Na wewe. Si wewe wote. Wa miezi saba."

Nje, watoto wa kwanza walikuwa wamefika, wakigonga mlango kwa mateke maana mikono ilikuwa mifukoni. Yusta alikumbuka Machi, homa ya Tumsifu, siku tatu amelala kifuani kwake. Alikumbuka siku mtoto alipofunga kamba za viatu mwenyewe kwa mara ya kwanza na wakakumbatiana kana kwamba kapata udaktari.

"Nikimwacha hivyo hivyo?"

Olipa alikifuta kioo kwa pindo la kitenge chake, ingawa hakikuwa kichafu. "Atakua nayo. Atamtamani mama ambaye hatampata kokote. Atakuwa bibi harusi, atamtafuta kwenye watu waliokuja. Wengine huzoea. Wengine hawazoei. Sina uongo wa kukupa, Mama Tumsifu."

3

Kwa siku mbili Yusta aliitembeza ile fomu kwenye mfuko wa sweta. Siku ya tatu, watoto walipokwisha kuondoka na jua la saa kumi lingali madirishani, aliketi mkekani peke yake na kitabu cha Bolivia. Alikuwa ameshakisoma mara nyingi akiwa mwanafunzi wa utunzaji. Kuingia hakuwahi, kazi yake ilikuwa kubaki nje, kuwaunganisha watoto mikono kabla hawajaenda, kuhesabu dakika na kuangalia nyuso.

Alisoma kwanza ukurasa wa kushoto kwa sauti, kama alivyowafundisha. Nyanda za juu, mahali palipo juu kuliko mawingu ya kwetu. Viazi hulazwa nje vikagandishwa na baridi, hukanyagwa asubuhi, hukaushwa juani, na hukaa miaka bila kuharibika. Kazi ya familia nzima. Kisha akaweka kiganja.

Baridi ile ilikuwa na meno. Lakini anga lilikuwa kubwa mno, na chini yake mwanamke mnene mwenye sketi tatu, moja juu ya nyingine, alikuwa akikanyaga viazi na kuongea bila kupumzika, akimsema jirani, akimsema mbwa, akiisema serikali. Yusta hakuielewa lugha, ila alielewa kila kitu. Alikuwa mdogo. Alikuwa na miguu inayouma. Yule mwanamke aligeuka, akamwona, akasema *wawa*, neno moja tu, kama mtu anayeita mwanangu, na akaketi chini palepale kwenye majani yaliyoganda, akafungua shali, akaivuta miguu ile mpaka kwenye tumbo lake. Lilikuwa tumbo laini, la moto, lenye harufu ya moshi na kondoo. Halikuwa na mfupa hata mmoja.

Mama yake Yusta alifariki Yusta akiwa na miaka tisa. Alikuwa hajapashwa miguu na mtu tangu wakati huo, na hakuwa amejua kwamba anahesabu.

Kulikuwa na kitu kingine. Chini ya joto lile, kama maji yanayopita chini ya sakafu, kulikuwa na mtu anayetazama. Mtu aliyesimama nje ya dirisha la nyumba yake mwenyewe, akiona taa imewashwa ndani, na mlango hana. Joto lilipoongezeka, yule wa dirishani ndiye aliyeumia zaidi. Na saa ilipokwisha, ilikatika palepale, miguu ikiwa bado haijapata moto sawasawa.

Yusta alibaki amekaa, mashavu yamelowa. Kisha akafanya jambo ambalo watu hawalifanyi: akakigeuza kitabu, akasoma jalada la nyuma, maandishi madogo kuliko mchanga. *Saa hii imetolewa na Wara, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, kwa kumkumbuka mama yake Basilia, aliyezikwa miaka thelathini kabla.*

Aliisoma mara tatu. Kila mtu alizoea kusema kumbukumbu ya mtoto. Haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya ajuza aliyeirudia maisha yake yote, akaisugua kwa hamu mpaka ikang'aa, ndipo akaitoa. Watoto saba wakiigawana, hamu ile haionekani. Inakuwa chumvi kidogo kwenye chungu. Tumsifu wake alikuwa ameibeba nzima.

Olipa alimkuta bado yuko mkekani. Alitazama kitabu, akatazama kiganja chake, akavuta pumzi.

"Umeingia peke yako."

"Dada Olipa, mtoto wangu si mgonjwa. Amefiwa."

"Kafiwa na nani?"

Yusta akamwonyesha jalada. Olipa alilisogeza mbali, akalisogeza karibu, akasoma.

"Bibi wa watu," akasema taratibu.

"Mtoto anabeba msiba wa mtu wa miaka sabini na moja, na hajui kwamba ni msiba. Anadhani mama yake huyo yupo mahali, anamsubiri, na ni mimi ninayemzuia kwenda. Huku kwetu mfiwa anaachwa alale peke yake?"

"Haachwi."

"Hata wa nyumba unayogombana nayo. Unabeba kuni zako na maharage yako, unakwenda kulala chini kwake. Wangu kakaa miezi saba na hakuna aliyemkalia matanga."

Olipa aliketi, magoti yakilia. "Matanga ya mtu wa kitabuni. Mchungaji akisikia atatucheka mpaka Pasaka." Lakini hakuwa akicheka mwenyewe. "Na utamwambia nini? Pole? Utamliaje mtu usiyemjua?"

"Nitaingia tena. Kesho, na kesho kutwa."

"Mara tatu peke yako, kwa mtu mzima, inakaa."

"Najua."

"Na mtunzaji ambaye kiganja chake kimekaliwa hashiki mkono wa mtoto kwenye duara. Maisha yake yote. Itawavujia. Unalijua hilo, lilikuwa swali la mtihani."

"Nililipata," Yusta akasema.

Jua lilikuwa limefika kwenye kabati, kwenye migongo ya vitabu thelathini. Yusta alikuwa amevipangusa vumbi miaka minne kabla hajaruhusiwa kuvishika. Alikuwa na mipango navyo. Alikuwa amewaandikia makao makuu kuomba kitabu kimoja zaidi, saa moja ya Makete, watoto wa Bolivia nao waje wachume njegere huku.

"Fomu niipe," Olipa akasema. "Siwezi kuirudisha tupu. Nitaandika mzazi amekataa. Watakuita."

"Waniite."

Aliingia siku ya nne, akaingia siku ya tano. Jumamosi, siku ya sita, Olipa aliendesha duara yeye mwenyewe, kwa sauti kubwa mno, akikosea majina ya nchi. Yusta alikaa ukutani. Mtoto mmoja wa kike aliyekosa mwenzake wa upande wa kushoto aligeuka, kwa mazoea, akamnyooshea mkono. Yusta aliificha mikono yake yote miwili ndani ya kanga. "Mama Olipa atakushika," akasema. Yule mtoto aliushikilia mkono hewani kidogo, kisha akaurudisha.

4

Jumapili, siku ya saba, kabla giza halijaingia, Olipa alifika nyumbani kwao na mzigo wa kuni kichwani na maharage kwenye mfuko. Hakubisha hodi kwa kelele kama kawaida yake. Aliingia kwa sauti ya chini, akautua mzigo mlangoni, akajifunga kanga ya pili kiunoni. Tumsifu, aliyekuwa akichambua mchele, alizitambua dalili zote. Hakuna mtoto wa Makete asiyezitambua.

"Nani amefariki?"

Yusta alikuwa ametandika mikeka chini, magodoro kayasimamisha ukutani. Akamkalisha mtoto. Alikuwa amelipanga neno hili siku nzima na sasa lilikuwa limemkimbia, kwa hiyo akalisema lilivyo.

"Mama Basilia, mwanangu. Alifariki zamani, mimi mwenyewe sijazaliwa. Wara aliandika nyuma ya kitabu."

Tumsifu alimtazama. Akamtazama Olipa, ambaye hakuyakimbia macho yake.

"Lakini nilikuwa kwake."

"Ulikuwa kwake. Wara alituachia saa moja."

"Hayupo mahali?"

"Hayupo mahali."

Mtoto hakulia mara moja. Alirudi kwenye ungo, akachambua punje mbili tatu, akaweka jiwe pembeni. Kisha mikono ikasimama, na kilio kikaja kutoka mbali, kilio kizito cha mtu mzima ndani ya kifua cha mtoto, na Yusta hakumwambia nyamaza. Alimshika tu. Olipa alivuta pua, akachochea moto, akalaani moshi.

Ilipopoa, maharage yalikuwa yameanza kunukia. Olipa alijisogeza mkekani, akanyoosha miguu, kama wanavyofanya wanawake kwenye matanga saa ya kilio ikipita na saa ya kusimulia ikifika.

"Haya. Mimi marehemu sikumjua. Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Anaongea sana," Tumsifu akasema.

"Basi tungepatana."

"Alikuwa akimtukana mbwa. Lakini si kwa ubaya." Aliifuta pua kwa kiwiko. "Na vidole vyangu alivipa majina ya viazi. Kila kidole na kiazi chake."

"Ee? Hebu."

Tumsifu akavua soksi za mguu wa kulia, zote mbili, akaanzia kidole gumba. "Hiki ni Cheusi cha Mlimani. Hiki ni Unyayo wa Paka. Hiki ni Pua ya Ng'ombe. Hiki..." Akasita. Uso ukaanza kuharibika tena, kwa hofu ya mtu anayeona kitu kinamponyoka. "Hiki nimesahau."

"Hicho ni Kinachomliza Mkwe," Yusta akasema.

Mtoto aligeuka polepole sana.

"Sijakwambia hicho."

"Hujaniambia."

"Kinamlizia nini?" Olipa akauliza.

"Hakimenyeki," wakajibu wote wawili, pamoja, kwa sauti ileile ya mtu anayemsema mtu.

Tumsifu aliendelea kumtazama mama yake. Alimtazama kama mtu anayekutana ugenini na mtu wa kwao, akitafuta usoni pake nyumba, uwanja, mbwa. Kisha akavikusanya vidole vyake mkononi.

"Kimebaki hiki kidogo," akasema. "Hiki hakina kiazi. Hiki alikuwa..."

"Ndiyo."

Kuni zilipasuka mekoni. Yusta alijua kilichotakiwa kufanywa, na alijua pia kwamba hakikuwa chake kukifanya. Pumzi ile ya kukipuliza kidole cha mwisho ilikuwa ya Basilia. Alimtamani mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga nchi moja naye. Akavua soksi yake mwenyewe, akaunyoosha mguu wake mkekani, ukalala kando ya ule mdogo.

"Na mimi kimebaki hiki," akasema.

Tumsifu alikitazama kile kidole kwa muda. Kisha akainama, nywele zake zikamgusa mama yake unyayoni, na akakipuliza.